Nilimwigiza Mteja Wangu Msibani

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie sababu. Sikulewa, sikulazimishwa, wala sikuchanganyikiwa. Niliropoka. Tena sikuropoka kwa mdomo, niliropoka kwa mikono na miguu, msibani, huku watu wananipigia makofi.

Mimi ni binti wa mjini, mtaa wa Chikongola, nasoma saikolojia chuo kikuu, mwaka wa tatu. Idarani kwetu likizo ndefu ikifika lazima uende fildi, ukae na watu wenye shida, uwasikilize. Nikapangiwa zahanati moja ya kijiji huko Ziwani, nikafikia kwa shangazi yangu. Nilijiona daktari jamani! Nesi alikuwa ananitambulisha kwa wagonjwa kuwa mimi ni mwalimu wa mawazo, na kichwa changu kinavimba.

Hapo nikakutana na mwanamke nitakayemwita Somoe, si jina lake. Mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Sasa alikuwa na wa pili, bado ananyonya. Mumewe yuko ng'ambo ya mto Ruvuma kwa biashara, yeye anaishi na mama mkwe. Alikuja akilalamika kichwa, lakini tulipobaki wawili akafunguka. Usiku anamsikia yule aliyefariki akilia. Anaamka, anakunja kanga kama amepakata mtoto, anatoka nayo hadi mlangoni, anaibembeleza mpaka kilio kiishe. Anajua fika hamna mtoto mle. Ila asipofanya hivyo usingizi hauji kabisa.

"Dada, nimekwambia wewe tu," akasema. "Mama mkwe akijua ataninyang'anya huyu niliyebaki naye."

Nikamwapia. Nikamweleza kwamba yanayosemwa pale hayatoki nje, ndivyo tunavyofundishwa. Na kweli akaanza kupata nafuu! Akawa anakuja kila wiki, mtoto mgongoni, na hata kucheka akacheka.

Basi, kaka wa mama mkwe wake akafariki. Wale ni Wamakonde na sisi ni Wamakua, watani wao. Kwa asiyejua, kwetu mtani akija msibani hakai chini akalia. Anazuia jeneza mpaka apewe chochote, anavaa kofia ya marehemu, anawaigiza wafiwa wanavyolia, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Shangazi akanisukuma, nenda wewe mwenye maneno, kawachangamshe. Mimi tena! Nani anibembeleze?

Nikamwigiza mjomba mmoja anavyopenga kamasi, watu wakacheka. Nikamwigiza mpishi anayeonja nyama kuliko anavyokoroga. Vicheko vikaanza kupungua, na mimi vicheko vikipungua najisikia kama nimevuliwa nguo. Nikaokota kanga, nikaikunja, nikaipakata, nikanyata hadi mlangoni huku nanong'ona, "Nyamaza baba, nyamaza, mama yupo."

Wallahi sijui nilipatwa na nini! Jina sikutaja. Nilijiambia utani hauna kesi. Wanawake wakaangua kicheko mpaka mmoja akajifuta machozi.

Mama mkwe hakucheka. Aliinuka jamvini, akanijia taratibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Hiyo umeiona wapi?"

Nilikuja kujua baadaye kwamba alishawahi kumkuta Somoe mlangoni na kanga yake, akaambiwa anapunga upepo, akaamini. Pale ilitakiwa nidanganye, niseme chochote. Lakini macho yangu, mjinga mimi, yakaenda moja kwa moja jikoni kwa Somoe, aliyekuwa anamenya mihogo.

Mama mkwe akageuka kutazama nilikotazama. Akamfuata, akamfungua mtoto mgongoni bila ugomvi, akaingia naye ndani. Somoe alinitazama tu, kisu mkononi, na mimi nikatamani wanizike pamoja na yule marehemu.

Matanga ya kaka yake hayajaisha, alfajiri mama mkwe akachukua bodaboda na mjukuu wake hadi kivukoni Kilambo, wakavuka mto kwenda kwa baba wa mtoto. Mtoto wa kunyonya! Somoe akabaki maziwa yanamlowesha gauni. Nilimfuata nalia, akanifungia mlango.

Nikampigia mhadhiri wangu, nikamweleza yote. Akaniambia nisikanyage tena zahanati na mwaka huu nisitegemee kumaliza. Haki yangu ile. Lakini mimi mawazo yote yalikuwa kwa yule mtoto. Tukapanda pikipiki na shangazi mpaka Kilambo, tukavuka. Njia nzima najiuliza tutamkuta katika hali gani.

Tulimkuta amelegea, analishwa uji kwa kijiko. Nikapiga magoti mbele ya bibi yake. Nikamweleza kwamba Somoe si kichaa, ile ni huzuni, alikuwa anapona, na hajawahi kumgusa mtoto kwa ubaya.

"Juzi ulimfanya kichekesho," akanijibu. "Leo unataka nimwone mgonjwa. Nikuamini lipi?"

Aliyeokoa jahazi ni mume wa Somoe. Alisema mtoto atarudi kwa mama yake, ila na bibi arudi awe anawaangalia. Mtoto karudi, namshukuru Mungu.

Mnadhani yameisha? Somoe zahanati haendi tena. Nesi alimfuata nyumbani kumuuliza habari za usingizi, akajibiwa kwamba analala vizuri, amepona, hasikii kitu. Akajibu hivyo mama mkwe amekaa pembeni, anasikiliza.

Nyie mnaosomea kusikiliza watu, na nyie msiosomea chochote ila shoga zenu wanawaamini, nawaomba. Mtu akikufungulia moyo wake, usiwachekeshee watu nao, hata bila jina, hata kwa watani. Utamu wa vile vicheko ni wa dakika moja! Mimi nitarudia mwaka, na shahada nitaipata. Somoe yeye ataendelea kusema analala vizuri. Najua halali, na wa kumuuliza nilikuwa mimi.