Namba Ubavuni mwa Bastola ya Pospisil

Kila Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, ukumbi wa maonyesho ya mifugo wa Harlan Fork, Nebraska, hufagiliwa samadi na kupangwa meza za bunduki. Na kila mwaka, kabla kahawa haijapoa, Delmar Kruse huwa ameshagombana na mtu.

Alikuwa na miaka sabini na miwili, mrefu, mkavu, shingo nyekundu. Meza yake ilikuwa ileile tangu alipostaafu kazi ya unaibu wa sherifu, ya tatu kushoto, karibu na mlango wa choo. Aliuza bastola za kizamani, zile zenye silinda inayozunguka. Ukishika moja bila kuomba ruhusa, alikufokea. Ukilalamika bei, alikwambia ukanunue sufuria. Watu walimzoea, wakadhani alizaliwa hivyo. Si kweli. Hasira za Delmar zilikuwa za mtu anayeficha jambo, na jambo lenyewe lilikuwa la aibu.

Mwaka 1974 sherifu wa wakati ule aliamua kwamba wizi utakoma iwapo kila mtu atachorewa namba ya leseni yake ya udereva kwenye bunduki yake. Nchi nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu huo. Naibu mdogo kuliko wote akakabidhiwa kalamu ya umeme ya kuchorea chuma na daftari la kuandikia namba, akatumwa. Naibu huyo alikuwa Delmar, miaka ishirini na mitatu, kichwa kimemvimba kwa sare mpya. Alizunguka mashambani, alikaa kwenye kumbi za makanisa akilishwa maandazi ya plamu, na akachora. Bunduki mia tatu na kumi na mbili! Na hakuchora chini ya kitako, pasipoonekana. Alichora ubavuni, pale jicho linapotua kwanza, kwa kuwa ndipo mkono wake ulipopata raha. Upumbavu mtupu, wala sitaki kuupaka sukari. Daftari nalo lilitupwa ndani ya sanduku ofisini, na baada ya miaka mitatu mtu akaliwashia moto kwenye jiko. Delmar aliliona likiungua, akanyamaza.

Si kila mchoro ni balaa katika biashara hii. Maua yaliyochorwa na fundi wa kiwandani hupandisha bei ya bastola. Jina la mtu aliyetajika, likiwa na karatasi za kulithibitisha, hupandisha zaidi. Lakini namba ya leseni ya mkulima, iliyokwanguliwa kwa kalamu inayotetemeka, hukata bei nusu, pengine hata robo ikabaki. Kwa hiyo kila mwaka mtu alimletea Delmar bunduki na kumwuliza, "Hebu ona, mzee Kruse. Mpumbavu gani kafanya hivi?" Na Delmar alimtukana huyo mpumbavu kuliko hata mwenye mali. "Angekatwa mkono!" alikuwa akisema. Kisha siku nzima alikuwa hashikiki.

Mwaka huo, saa nne asubuhi, akaja LaVonne Pospisil.

Alikuwa mjane wa Laddie Pospisil, mkulima aliyefariki majira ya kuchipua, na shamba lao lilipakana na la akina Kruse. Alibeba kifurushi cha taulo ya jikoni. Tanuru la kupashia nyumba yake joto lilikuwa limekufa, baridi ilikuwa mlangoni, na kitu cha pekee cha thamani alichoachiwa kilikuwa ndani ya taulo ile. Hakwenda kwa Delmar. Alisimama meza ya jirani, kwa Gaylen Tripp, mchuuzi mnene wa Omaha mwenye glavu nyeupe na meno nje muda wote.

Gaylen alifungua taulo, akapiga mluzi. Ilikuwa bastola ya Colt iliyotengenezwa mwaka 1911, rangi yake ya bluu ya kiwandani bado inameta kama jana. Kisha akaigeuza, na meno yakarudi ndani.

"Aa, mama. Mama yangu, nani kakufanyia unyama huu?"

Delmar hakuhitaji kusogea. Aliiona kutoka pale alipokaa. Namba saba mbili, kila moja na kijistari katikati, kama alivyofundishwa na bibi yake Mjerumani. Hakuna mwingine kaunti nzima aliyeandika saba hivyo.

"Ina ubaya gani?" LaVonne aliuliza.

"Njoo nikuonyeshe." Gaylen akamshika kiwiko, akamleta hadi kwenye kabati la kioo la Delmar. "Ile pale katikati unaiona? Pacha wa hii yako. Duka moja, sanduku moja, namba za kiwandani zimefuatana. Miaka kumi na moja nambembeleza mzee huyu aniuzie, hataki. Yake safi, haina mkwaruzo. Ile ningekupa dola elfu nne sasa hivi, mkononi. Hii yako, kwa kukuonea huruma tu, mia tisa."

"Kwa ajili ya namba?"

"Kwa ajili ya namba. Ila tunaweza kuiponya. Nina kijana wangu anaisugua mpaka namba inapotea, anaipaka rangi upya, inakuwa bibi harusi. Basi nikuongezee mia."

Hapo damu ya Delmar ilichemka. Alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Usithubutu! Unamdanganya mama wa watu! Ukiisugua unaichuna ngozi, rangi ya kiwandani ndiyo roho yake. Sasa hivi ina kovu. Ukimaliza itakuwa maiti iliyopakwa poda, na wewe unajua!"

"Weee, mzee, taratibu!" Gaylen alicheka. "Kwani kovu umelitia wewe?"

Ukumbi haukunyamaza. Watu waliendelea kubishana bei na kutafuna soseji. Delmar aliokota kiti.

LaVonne ndiye aliyejibu, na sauti yake haikupanda hata kidogo, ndiyo maana ilitisha.

"Ni yeye. Nilimmiminia kahawa mwenyewe siku hiyo. Laddie alimwambia, 'Delmar, hii ya baba, iache.' Unakumbuka ulimjibu nini?"

Delmar alitazama sakafu. Alikumbuka. Alikuwa amekumbuka kila siku.

"Mwambie huyu bwana ulichosema."

"Nilisema mtu anayekataa kuandikwa namba ana cha kuficha. Na kwamba sherifu atapenda kujua."

"Mbele ya baba yake," LaVonne alisema. "Mzee wa miaka themanini, ametoka Bohemia akiwakimbia watu wa namna yako. Laddie akakukabidhi bastola shingo upande. Hajakusemesha tena mpaka kafa, na wewe ukawaambia watu ni mambo ya uzio! Nilikaa nikisubiri, Delmar. Miaka arobaini na tisa. Hata mazishini nilisema leo atakuja, leo atasema. Ulituma maua."

"LaVonne, nilikuwa kijana..."

"Ulikuwa kijana, sawa. Ile namba imemrudishia nani bunduki yake? Taja mmoja."

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Daftari liliungua. Hakuna hata mmoja."

Gaylen alikuwa amevua glavu.

LaVonne alinyoosha kidole, akagonga kioo cha kabati mara moja.

"Na hii? Ulichora za kaunti nzima. Umechora ya mkwe wako, umechora ya mchungaji. Hii ya babu yako namba yake iko wapi?"

Jioni moja ya mwaka ule Delmar alikuwa ameketi nayo mezani kwake, kalamu mkononi, akaitazama rangi yake ya bluu, akaona vibaya kuiharibu. Basi. Za wenzake hakuona vibaya. Hasira zote alizowamwagia watu miaka hiyo zilikuwa za hapo, za jioni ile, na sasa hazikuwa na pa kwenda ila kwake mwenyewe.

Alitoa funguo mfukoni. Kufuli likamshinda mara mbili. Akaitoa pacha safi, akaiweka juu ya taulo ya LaVonne, akaichukua ile yenye namba.

"Hii yako," alisema. "Hii yangu."

LaVonne hakusema asante, na ningemshangaa kama angesema. Alimgeukia Gaylen. "Elfu nne, umesema. Mkononi."

Gaylen alihesabu huku jasho likimtoka.

Oktoba hii Delmar yuko mezani pale pale, karibu na choo. Katikati ya kabati kuna Colt ya Laddie Pospisil, ubavu wenye namba ukitazama juu, na kikaratasi kinachosema haiuzwi. Kijana mmoja kutoka Lincoln aliinama, akaisoma, akatikisa kichwa.

"Loo, mzee. Mpumbavu gani kafanya hivi?"

"Mimi," Delmar alisema.