Kupanda Mlima Kinyumenyume

Kwa nini mtu aliyevuka milima kwa gari, enzi ambazo barabara zilikuwa njia za mikokoteni, amfiche mwanawe jinsi alivyovuka? Sijapata jibu hadi leo.

Mwana huyo ni jirani yetu hapa mtaani Kensington, si mbali sana na Lesotho, mtu mzima aliyefiwa na mkewe. Mke wangu humwita Mzee, naye hulifurahia jina hilo. Gari la baba yake, lenye matairi membamba kama ya baiskeli, bado linawaka. Binti yake Mzee alitaka liuzwe. Wakakubaliana: likivuka mlima wa mpakani mwa Lesotho, kama lilivyouvuka likiwa jipya, litabaki; likishindwa, litauzwa. Mimi ningeendesha, kwa kuwa macho ya Mzee yamefifia. Mke wangu, ambaye haanzi safari bila maombi, alituombea sote, kisha akaziombea breki.

Kwenye mwinuko mkali wa kwanza injini ilizimika. Nikaiwasha, ikazimika tena. Watalii waliokuwa kwenye magari makubwa walitupita wakitupiga picha. Tuliteremka taratibu hadi kwenye nyumba ya wageni.

Jioni, tukinywa chai, nilimweleza jambo nililowahi kusoma. Katika magari yale petroli hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi lililo chini ya kiti; pua ya gari ikiinuka mno, injini huwa juu ya tangi na kukosa mafuta. Ndiyo maana wasafiri wa zamani waligeuza gari wakapanda kwa rivasi. Mzee alikasirika. Baba yake hangefanya kituko hicho, na kama angekifanya, angemwambia.

Mke wangu akauliza kwa upole, "Na mama yako, Mzee? Yeye alisimulia nini?"

Alifikiri kidogo. Mama yake alipenda kusema kwamba walipokuwa wakipanda, njia nzima alikuwa akilitazama bonde likizama mbele yake.

"Mbele yake?" mke wangu akasema. "Na huku wanapanda?"

Mzee akaweka kikombe chini. Kicheko kilimtoka polepole, kikamtikisa mabega.

"Eish, baba," akasema. "Basi kesho tunaligeuza."

Asubuhi tuliligeuza. Mke wangu alitangulia kwa miguu akinielekeza kwa mkono, kona baada ya kona, na kwa shingo iliyokakamaa nilipanda kinyumenyume hadi kileleni, Mzee akilitazama bonde.