Ufa wa Bweni la Tatu

Kwa miaka kumi na tisa Mama Funguo alilitunza bweni la tatu la wasichana kama nyumba yake. Alijua ni mlango upi husukumwa kwa bega na ni binti yupi hulia kila mitihani ikikaribia. Na aliujua ufa. Ulianzia chini ya ngazi, ukapanda mpaka ghorofa ya pili, na kila mvua zilipokwisha alichora alama ya penseli pale ulipoishia, akaandika na mwaka.

Serikali ilipotoa fedha za kukarabati kampasi zote za chuo kikuu, alimshukuru Mungu. Mafundi walipofika ngazini, alidhani wamekuja kubomoa. Kumbe wamekuja na lipu na rangi.

"Mnaufunika?" aliuliza.

"Mama yangu, nimeambiwa nipake. Sikuambiwa nijenge," fundi akajibu bila kugeuka.

Akamfuata msimamizi wa mradi, kijana mwenye kofia ngumu isiyo na hata mkwaruzo. Kijana akatabasamu. "Si wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta? Basi tumeziba."

"Hamjaziba, mmeficha. Mle ndani wanalala mabinti mia mbili, watoto wa watu."

"Mama, kazi yako ni funguo."

Neno hilo alirudi nalo nyumbani. Mumewe, fundi cherehani, alimkumbusha kwamba amebakiza miaka miwili astaafu. "Mwenye nguvu mpishe, mke wangu."

"Nikimpisha mimi, ukuta nao utawapisha wale watoto?"

Asubuhi ya makabidhiano ya mradi, wageni kutoka wizarani wakiwa bado wanakunywa chai, aliazima nyundo na patasi kwa seremala wa chuo. Alipiga kwa hasira ya miaka yote ile. Lipu ikaanguka mapande mapande. Wageni walipofika walimkuta mweupe kwa vumbi, kuanzia kilemba hadi viatu.

"Mtoeni huyu," msimamizi aliamuru.

Mhandisi wa wizara, mama mmoja mfupi, alimpita, akatia mkono ndani ya ufa. Mkono ukazama hadi kwenye kifundo.

"Nani alisaini hapa?"

Msimamizi akainamia makaratasi yake.

Bweni lilifungwa siku hiyohiyo. Walipochimba, walikuta udongo chini ya msingi umechukuliwa na maji ya bomba lililopasuka zamani. Ukuta ukajengwa upya, kuanzia chini.

Mama Funguo naye akapata barua: ameharibu mali ya umma, anahamishiwa ghala la kampasi ya mbali.

"Lakini umeshinda," mumewe alisema.

"Nimeshinda nini? Yule kijana amepewa maktaba aikarabati. Mharibifu ni mimi."

Aliandika rufaa ya kurasa tatu, na alama zote za penseli na miaka yake, akazipeleka wizarani kwa mkono wake, akasimama mezani kwa karani mpaka zikagongwa muhuri. Jibu halijaja. Kila Jumatatu hupiga simu kuliulizia, na karani siku hizi huitambua sauti yake kabla hajajitaja.