Mikono ya Alimasi

Soraya, muuguzi wa kituo cha afya cha Wamaza, alizijua sumu za pale: muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, mafuta ya taa yanayonywewa na watoto, dawa ya wadudu inayouzwa kwenye chupa za soda. Lakini sumu iliyomnyima raha ilikuwa mbali, Salamabila, mwilini mwa mume wake.

Alimasi alikuwa mchoma dhahabu kwenye machimbo ya kule: aliunguza zebaki ili dhahabu ibaki. Alipokuja nyumbani kwa Idi, kikombe kilimtetemeka mkononi, chai ikamwagika mkekani. Fizi zilimtoka damu. Mcheshi yule sasa alifoka kwa neno dogo.

"Ni moshi wa zebaki, Baba Elsa," Soraya alimwambia. "Usipouacha, hutapona."

Alimasi alicheka tu, na baada ya siku nne akarudi machimboni. Miezi minane ikapita.

Asubuhi moja mkulima aitwaye Heri alifika kwa pikipiki, amemkumbatia mke wake, Victoire, asianguke. Mate yalimchuruzika mwanamke huyo, jasho limemlowesha, kifua kinakoroma.

"Mama, wamemuloga! Walimuwekea sumu ku chakula!"

Soraya alimfunua kope. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nguo zilinuka dawa ya shamba.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anapuliza dawa ku maharagi. Bomba lilimuvujia ku mugongo."

"Basi hakuna mulozi hapa. Na musimunyweshe kitu, hata maziwa."

Alivaa glavu, akamlaza Victoire ubavu, akamvua kikwembe kilicholowa. Heri aliteka maji. Wakamwosha kwa sabuni tangu kisogoni hadi visiginoni. Kisha sindano ya atropini. Baada ya dakika tano kifua kilikuwa bado kinabubujika; akaongeza maradufu, akasikiliza, akaongeza tena. Jua lilipofika utosini, pumzi ikapita safi.

Heri alimshika mkewe mkono. "Niko hapa. Siendi popote."

Soraya akageukia dirisha ili wasimwone machozi. Victoire alikuwa na bahati: alikuwa mbele yake, nguo yenye sumu ikavulika. Yeye angemvua Alimasi nini, naye yuko kule ndani ya moshi?

Jioni alimpigia mumewe simu. "Mikono iko namna gani?"

"Inatetemeka kidogo tu."

"Kuja, nitakulisha mimi."

"Hata mimi nina hamu yako, Mama Elsa. Ngoja kwanza."

Soraya alikuwa amengoja vya kutosha. Victoire aliporuhusiwa kwenda kwake, aliomba ruhusa kazini, akapanda pikipiki kwenda Salamabila. Alimkuta mumewe mlangoni mwa kibanda cha kuchomea, akihangaika kufunga kifungo cha shati. Alikifunga yeye. Alimasi hakubisha; alipanda pikipiki nyuma yake.

Sasa Alimasi analima karanga Wamaza. Mikono imetulia kiasi, fizi zimepona. Lakini utani wake haujarudi. Soraya hukaa naye mkeka mmoja, mabega yakigusana, na bado anamtamani yule mcheshi aliyeondoka.