Picha Zote za Mama

Mama alikuwa mweusi wa kung'aa, na shavu lake la kushoto lilikuwa na kovu la maji moto tangu utotoni. Alilima viazi Mau Narok maisha yake yote. Kioo alikitumia Jumapili tu, kufunga kitambaa.

Simu ndiyo ilibadilisha mambo. Kaka yangu alimnunulia ili awe akiona wajukuu wake walioko Nakuru. Mwenzake wa kundi la akina mama kanisani akamwonyesha kamera inayosafisha uso. Kovu likapotea, mikunjo ikapotea, rangi ikawa maji ya kunde. Akaituma picha hiyo kwenye kundi, wakamsifu mpaka jioni. Nilikuwa nimemtembelea wiki hiyo. Alinionyesha akitabasamu kwa haya, nikamwambia ni mrembo vile alivyo. Akanitazama kama mtu anayejua anabembelezwa.

Baadaye simu ikawa inamletea video za wanawake wa umri wake wenye ngozi za wasichana, wakieleza mafuta wanayopaka. Naye akaagiza yake. Uso ukawa mwekundu, kisha ukababuka, na jua la shambani likawa linamchoma. Daktari alimkataza, akaacha, lakini mabaka yalibaki. Kanisani akawa anakaa nyuma kabisa. Kisha albamu yetu ya zamani ikatoweka sebuleni. Baba aliniambia kwamba mama aliichoma jikoni akiwa peke yake.

Mwaka jana nimonia ilimchukua. Tulipotafuta picha ya kuweka kando ya jeneza, simu yake ilikuwa imejaa yule mwanamke mweupe asiye na kovu. Nilijaribu ya kitambulisho. Mpiga picha mmoja mjini aliikuza, ikatoka ukungu mtupu. Kaka akasema tutumie ya simu, kwa sababu ndiyo mama mwenyewe aliipenda. Nikaipeleka ikachapishwe.

Siku ya mazishi, jirani aliyekuwa akichimba viazi na mama tangu sisi tukiwa wadogo alisimama mbele ya ile picha kwa muda. Kisha akaja kando yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Na ya mama yenu mtaweka saa ngapi?"

Nikamwambia ndiyo hiyo.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa na wengine. Hakuiangalia tena.

Sasa picha hiyo iko ukutani nyumbani. Baba amegeuza kiti chake, anakula akitazama dirishani. Krismasi iliyopita binti yangu, aliyeanza shule juzi tu, alisimama chini ya picha hiyo akaniuliza mbona yeye hakutoka mweupe kama nyanya yake. Nilimwambia nyanya yake alikuwa mweusi kama yeye.

Aliiangalia picha, akaniangalia mimi. Hakuniamini.