Kisu Kizingitini kwa Nechai

Nechai wa Varzuga alikuwa mtu wa makelele. Akikohoa ukingo huu wa mto, ng'ambo wanamjibu pole. Mkewe alisema mumewe hata kufikiri hawezi mpaka afungue mdomo. Kwa hiyo mkisikia kwamba kisu kimoja kilimnyamazisha, msidhani natia chumvi.

Majira yale ya baridi yeye na Zosima, kaka wa mkewe, walikuwa upande wa pwani ya Murman wakitega mbweha weupe. Kibanda chao cha magogo kilikuwa bondeni, mwendo wa siku kadhaa kutoka baharini. Kila walipokwenda kukagua mitego waliegemeza ufito mlangoni, kama tufanyavyo sote, maana yake mwenyewe hayupo. Kufuli ya nini porini? Ukipita na baridi imekubana, unautoa ufito, unaingia, unawasha jiko, unakula samaki mkavu uliyemkuta, kisha unamkatia kuni atakayekuja baada yako na kwenda zako. Hata hasimu wako humnyimi hilo.

Siku moja wakarudi wakakuta theluji ya mlangoni imevurugwa. Nyayo za watu watatu zilizunguka kibanda chote, zikasimama mlangoni, zikarudi zilikotoka. Ufito haukuguswa. Na pale kizingitini kililazwa kisu kipya cha kipini cha mfupa, kipini kimeelekezwa ndani.

"Shemeji, njoo uone maajabu," akasema Zosima.

"Usikiguse!" Nechai akafoka. "Wameiba nini?"

"Hawakuingia."

"Hawakuingia? Na baridi hii inayopasua miti?"

"Si unaona mwenyewe? Kuni zipo, samaki yupo, kila kitu kipo."

Nechai akashika kichwa. Akili yake ikaanza kuzunguka, na haikupata pa kutua. "Hebu ngoja. Mtu mwema huingia. Mwizi naye huingia. Sasa huyu anayekuja mpaka mlangoni, akaganda pale, hataki kuingia, ni mtu gani?"

"Mjinga," akasema Zosima.

"Mjinga ni wewe! Huyu ni Kharlam."

Kharlam alikuwa jirani yao kule Varzuga. Walikuwa wamegombania uzio wa kunasia samaki mtoni mpaka wakashikana ndevu, na Kharlam akaapa kwamba Nechai hatauona mwaka mwingine. Na kwetu sisi, kisu kikilazwa kizingitini na mtu asiyejitaja, kimekuja kukata uhai wa mwenye nyumba. Hilo hata watoto wanalijua.

"Kharlam na viatu hivi vya soli laini?" Zosima akacheka. "Kharlam ambaye viatu vyake ni kiraka juu ya kiraka?"

"Basi kawatuma watu!"

"Tuzifuate nyayo tukawaulize. Tazama, huyu mmoja anaburuta mguu. Muuaji gani huyo, shemeji, anayeburuta mguu?"

Nechai akavaa mbao zake za kutelezea thelujini. Akazivua. Akavaa tena. Vipi kama ni mtu aliyeumia? Lakini aliyeumia angeingia akaota moto! Vipi kama nyayo zimeachwa wazi makusudi? "Mtego huu," akasema hatimaye. "Mimi ndiye mtegaji, usinifundishe." Akaingia ndani, akakaa nyuma ya mlango na shoka mapajani.

Kesho yake theluji ikaanguka, ikafukia nyayo zote. Nechai akamshukuru Mungu. Ndiyo, alishukuru, tena kwa sauti.

Barafu ilipoachia, wakashuka pwani kuvua. Kwenye mdomo wa mto Varzina, huko huko Murman, wakakuta merikebu mbili kubwa, za namna ambayo hawajapata kuiona, kimya kabisa. Nechai aliita mpaka ndege wakaruka. Hakuna aliyeitika. Wakapanda.

Jamani, yale si ya kusimulia. Watu walikuwa wamekaa, wengine wamelala, wote wafu, wageni wa sura na mavazi. Na kote kulikuwa na majora ya kitambaa cha sufu, yamepangwa mpaka juu, ya kutosha kuivisha Varzuga nzima. Mapipa ya nyama yalikuwa hayajafunguliwa.

"Sielewi," Nechai akawa anasema, akienda huku na huku. "Mtu anakufaje kwa baridi naye amekalia sufu? Walikuwa wakitafuta nini huku? Kwa nini hawakutafuta watu?"

Zosima alikuwa amefungua sanduku dogo, na ndani yake visu vipya vya vipini vya mfupa vimelazwa juu ya kitambaa chekundu, kila kimoja katika kishimo chake, vizuri kabisa, kama zawadi. Kishimo kimoja kilikuwa kitupu.

Nechai akachomoa kile kisu cha kizingitini mkandani. Alikuwa akitembea nacho tangu siku ile ili aje amwoneshe Kharlam mbele ya watu. Akakiweka, kikakaa. Akaketi sakafuni katikati ya wafu.

"Kipini kilikuwa kimeelekea kwetu," akasema.

"Kilielekea kwetu, shemeji."

"Walikuja kupiga hodi, Zosima. Wakaona mwenyewe hayupo, wakaogopa kuingia nyumba ya watu. Wakaacha zawadi."

"Nilikwambia tuzifuate," akasema Zosima, kisha akajuta kulisema, akamshika bega.

Nechai hakusema neno kwa muda mrefu. Zosima hakuwahi kumwona hivyo, akaogopa kuliko alivyowaogopa wale wafu. Mwisho Nechai akainuka, akavua kofia, akawageukia wale waliokaa, machozi yakimtiririka ndevuni, akapaza ile sauti yake ya kufika ng'ambo:

"Karibuni! Karibuni ndani! Kuni zipo!"

Zosima akamvuta mkono, lakini yeye akaendelea kuwakaribisha.