Mama Upepo na kimbunga cha Mirihi kilichomnyima raha

Saa tatu asubuhi, jua la nje linakaanga lami, na Mama Upepo amevaa sweta la sufu mpaka kidevuni. Hana homa. Chumba cha pili, nyuma ya kioo, kimejaa kompyuta zinazounguruma, na kiyoyozi kinachozipoza hakijui kuchagua: kinapoza mashine, kinapoza na binadamu.

Macho yake yako kwenye skrini. Mstari mdogo wa kijani unajivuta kuelekea mwisho, kama konokono aliyetumwa dukani. Ukifika, picha itafunguka, naye atajua kama anaendelea na kazi au anafungasha virago.

“Mama Upepo, utaipasua hiyo skrini kwa macho,” anasema fundi mitambo, akipita na waya shingoni kama daktari na kipimo chake.

“Pita zako, kaka. Leo sina hata mate ya kukujibu.”

“Mate huna, maneno unayo.”

Jina hilo la utani halikuja bure. Mwanamke huyu hutengeneza upepo. Siyo huu wa kwetu unaoangusha nguo kwenye kamba, bali wa Mirihi, na hasa wa ncha ya kusini ya sayari hiyo, juu ya barafu. Hajafika huko, wala nauli hana. Anaiandikia kompyuta kanuni za hewa, kisha anaiacha ikokotoe upepo utakavyovuma mwaka mzima wa huko, ambao unakaribia miaka miwili yetu.

“Hewa baridi ni nzito,” anaeleza. “Inateremka kutoka kwenye barafu kama maji mlimani. Mimi nauliza tu: ikishateremka, inakwenda wapi?”

Mwaka jana kompyuta ilimjibu kwa kishindo. Kimbunga kikubwa kilijisokota juu ya ncha ya kusini, msimu baada ya msimu. Wakubwa walipiga makofi. Mradi uliokuwa unachungulia kaburi ukaongezewa muda, na mkataba wake ukafufuka nao. Mama yake mzazi, fundi cherehani, akawatangazia wateja wake wote kwamba binti yake ana kimbunga chake mwenyewe.

Raha hiyo haikudumu. Siku moja, katika jaribio la kawaida, aliiondoa barafu yote kwenye programu aone upepo utakavyotulia. Haukutulia. Barafu hakuna, baridi ya kuteremka hakuna, lakini hewa iliendelea kujizungusha palepale nchani, kidogo kidogo, kama mtu anayetikisa mguu kikaoni.

“Nikajiambia, haya, kumekucha. Kama barafu haipo, huyu anazungushwa na nani?”

Mshukiwa alikuwa mmoja tu: mistari. Kompyuta huigawa sayari vipande vipande kwa mistari ya longitudo, na mistari hiyo yote hukutana nchani. Hapo vipande hubanana, vikawa vyembamba kama uzi, na hesabu inaweza kuzua upepo usiokuwepo. Nyumbani alimweleza mama yake kwa mfano wa kofia: vipande vyote vya kitambaa hukutana utosini, na utosini ndiko kunakokunjamana.

“Sasa mwanangu,” mama akauliza, sindano mdomoni, “mikunjo umeipeleka palepale unapotaka watu watazame?”

“Ndiyo, mama.”

“Na ada yangu yote ile!”

Dawa ilikuwepo, ila chungu. Ilibidi aihamishe mistari ikutane kwingine, kwenye ikweta, na barafu aiache mahali pake. Kimbunga kikiifuata mistari, ni cha uongo. Kikibaki na barafu, ni cha kweli. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo, na mkuu wa kitengo hakuficha mashaka yake.

“Dada, nyuki wametulia, mzinga unauchokoa wa nini? Kimbunga kikipotea, mradi nao umepotea.”

“Bosi, nikinyamaza nitakuwa nalala na kimbunga kitandani. Mume wangu hatakubali.”

Bosi alicheka, akashusha pumzi, akamruhusu kutumia kompyuta.

Na leo ndiyo leo. Mstari wa kijani unafika mwisho. Picha inafunguka, mishale ya rangi imetapakaa sayari nzima. Anaanzia ikweta, mistari inapokutana sasa. Kweli, hapo kuna kijizungusho kidogo cha kipuuzi, kinachozunguka bila sababu. Huyo ndiye mwongo.

Kisha anateremka kusini, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa.

Kimbunga kipo. Kimepungua, kimepoteza kama theluthi ya nguvu zake, lakini kimejisokota juu ya barafu yake, na hakuna mistari inayokutana hapo.

Anavua miwani, anafunika uso kwa viganja. Mabega yanatikisika. Fundi mitambo anarudi mbio.

“Kuna msiba?”

“Hakuna,” anajibu, na kumbe ni kicheko. “Kimepungua unene tu.”

“Basi nipe siri yake, na mimi kitambi hiki kinanisumbua.”

Simu ya kwanza ni ya kwa mama. “Kipo?” sauti inauliza kabla ya salamu. “Kipo, mama. Si kikubwa kama nilivyosema.” Cherehani inasita. “Kidogo cha halali kinatosha. Kanywe chai sasa, tangu juzi hujala.”

Wiki ijayo atasimama mbele ya wataalamu wenzake na kuwaambia kwa kinywa chake kipi alizidisha na kwa nini. Mkuu wa kitengo amekwisha kubali, tena kwa tabasamu la mtu aliyetua gunia. Baada ya hapo anahamia ncha ya kaskazini.

Lakini tumaini lake kubwa ni siku chombo kitakapotua karibu na barafu ile, kikiwa na kifaa cha kupima upepo wenyewe.

“Kikinikuta nimekosea, sawa,” anasema, akivuta sweta. “Ila nataka niwe nimekosea kuhusu Mirihi. Siyo kuhusu mistari yangu mwenyewe.”